Muuaji Naye Ana Historia Yake

Hapa Unguja gereza linaitwa Chuo cha Mafunzo, na aliyefungwa humo huitwa mwanafunzi. Jina zuri. Lakini barazani, kuanzia Darajani hadi vijiji vya Jozani, mtaje kijana aliyefungwa kwa kuua, utajibiwa neno moja tu: muuaji. Alilelewa na nani, ugomvi ulianzia wapi, hakuna anayeuliza, kana kwamba kuuliza ni kumtetea.

Ndugu msomaji, kuelewa si kutetea. Qur'an (4:93) imetoa onyo zito la Moto kwa anayemuua muumini kwa makusudi. Lakini aya iliyo kabla yake (4:92) inamzungumzia aliyeua kwa kukosea, na hukumu yake ni nyingine kabisa: kuacha huru mtumwa, na diya kwa jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe. Utajuaje kesi iko katika aya ipi bila kusikiliza kisa chake?

Kisha kuna Hadithi mashuhuri, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeua watu 99. Mchamungu mmoja alimwambia hana toba, naye akamuua, wakatimia 100. Mwanachuoni aliyemwendea baadaye alimwambia toba iko wazi, ila aihame ardhi yake kwa kuwa ni ardhi mbaya, aende kwa watu wema. Wengi wetu tunaishia kwenye toba. Tuitazame hiyo ardhi: mwanachuoni hakumwondolea mtu yule dhambi yake, lakini aliona kuwa mahali alipoishi napo pana sehemu katika kisa.

Sheria za serikali zilichelewa kuliona hili. Kanuni ya Adhabu ya Bara (Zanzibar ina yake), katika kifungu cha 197, iliamuru kila aliyetiwa hatiani kwa mauaji ahukumiwe kunyongwa. Aliyepanga kwa wiki nzima na aliyefuata mkumbo wa wenzake walisomewa hukumu ile ile. Jaji hakuwa na hiari. Tarehe 28 Novemba 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilisema ulazima huo unakiuka haki ya kuishi, ikaitaka Tanzania iuondoe ndani ya mwaka mmoja. Uganda ilitangulia mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake. Mama huyo, aliyehukumiwa kunyongwa mwaka 2002 na ambaye daima alikana kosa, alisikilizwa upya, akapewa miaka 20, akatoka mwaka 2016 akiwa amesomea sheria humo humo gerezani.

Na marehemu je? Naye alikuwa na historia, na hapa watetezi wa wafungwa aghalabu hunyamaza. Katika Uislamu (2:178) jamaa zake wana kauli: kisasi, diya au msamaha. Sheria ya kunyonga kwa lazima haikuwauliza. Mama wa marehemu huitwa mahakamani kama shahidi, na akishamaliza ushahidi wake huambiwa aende zake.