Je, Duka Huweza Kuzidi Ukubwa?

Wenzangu husema kwamba duka likiwa kubwa mno halina budi kuanguka. Mimi sikubali upesi. Nakumatt ilianza kwa biashara ya magodoro mjini Nakuru, ikafikisha matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Tanzania, Rwanda na hapa kwetu Uganda. Duka la namna hii hupokea maziwa na unga kwa mkopo, huuza kwa fedha taslimu, kisha hulipa baadaye. Fedha hizo zikitumiwa kufungulia matawi mapya, mwenye maziwa atalipwa nini? Kwa fikira zangu haraka hiyo ndiyo iliyoliua, si ukubwa. Mwaka 2017 rafu zilibaki tupu (na nani huingia dukani kutazama mbao?). Januari 2020 waliokuwa wakilidai walipiga kura lifungwe kabisa.