SOMO LA AFYA: SUFURIA YA PRESHA NA UPISHI WA NYAMA



Katika somo letu la leo tutajifunza habari za sufuria ya presha. Siku hizi sufuria hizi zimefika hata vijijini kwetu, Kibiti na Rufiji. Mwingine huletewa na mtoto wake aliyeko Dar es Salaam. Sufuria huja, lakini maelezo ya kuitumia hayaji.

Siku ya pili ya Idi, mama mmoja aliletwa zahanati usiku. Alikuwa ameungua uso, shingo na mikono. Alikuwa anapika nyama ya ng'ombe mzee, na wageni wanangoja. Aliona nyama inachelewa, akauzungusha mpini wa kifuniko kwa nguvu. Kifuniko kiliruka na mchuzi ukammwagikia. Mama yule alipona, lakini alikaa wiki nyingi bila kushika jembe. Sufuria yake haikuwa mbovu. Hakuna mtu aliyemfundisha kuitumia.

SUFURIA HII INAFANYAJE KAZI?

Umeona maji yakichemka katika sufuria ya kawaida. Mvuke hukisukuma kifuniko, nacho hurukaruka. Mvuke ukitoka, maji hayazidi kupata moto. Hapa kwetu, karibu na bahari, maji huchemka kwenye joto la nyuzi 100. Ukiongeza kuni, maji yatakauka upesi, lakini joto lake halitapanda. Kuni hizo umezipoteza bure.

Sufuria ya presha ina kifuniko kinachobana na mpira unaozuia mvuke. Mvuke ukikosa njia, hujikusanya ndani na kuyakandamiza maji. Ndipo joto hupanda hadi kama nyuzi 120. Juu ya kifuniko kuna tundu dogo lenye kizito. Mvuke ukizidi, hukiinua kizito na kutoka kwa mlio. Ipo pia vali ya usalama. Hiyo hufunguka kama tundu likiziba.

Aliyeanza kutengeneza sufuria ya namna hii ni Denis Papin, Mfaransa, mwaka 1679. Katika miaka ya 1980 zahanati nyingi zilitumia vyombo vya namna hii kuua vijidudu kwenye sindano za chanjo. Joto la mvuke uliobanwa huua hata vijidudu visivyokufa kwa maji yanayochemka tu.

KWA NINI NYAMA HULAINIKA UPESI?

Nyama ya ng'ombe aliyezeeka ina kano na utando mgumu. Vitu hivi hulainika polepole kwa joto na maji. Joto likizidi, hulainika upesi zaidi. Nyama ya kuchemsha saa mbili au tatu huweza kuiva kwa dakika 30 hadi 45. Kuku wa kienyeji aliyekomaa huhitaji kama dakika 25 hadi 30. Hesabu dakika tangu mvuke uanze kutoka kwenye kizito.

Faida yake ni kubwa. Kuni hupungua, na moshi unaoumiza macho na mapafu ya mama na mtoto hupungua pia. Ndugu zetu wa delta watapunguza kukata mikoko. Mikoko ndiyo mazalio ya kamba na samaki.

NAMNA YA KUPIKA

1. Tazama tundu la mvuke kwenye mwanga. Kama limeziba, lizibue. Tazama mpira. Kama umepasuka, usipike.
2. Kata nyama vipande vya ukubwa sawa. Tia chumvi na maji. Maji yasipungue vikombe viwili.
3. Usijaze sufuria. Nyama na maji visizidi theluthi mbili. Maharage yasizidi nusu, kwa sababu yana povu na maganda ya kuziba tundu.
4. Funga kifuniko mpaka kikae sawasawa. Mvuke ukianza kutoka, punguza moto. Jiko la mkaa linafaa. Kama ni mafiga, ondoa kuni zinazowaka sana, maana ndimi za moto huunguza mpira na mpini.
5. Dakika zikitimia, epua. Ngoja mpaka sufuria inyamaze na mvuke uishe kabisa. Kisha inua kizito kidogo kwa kijiti. Kama bado kuna mlio, ngoja tena.
6. Kifuniko kikikataa kufunguka, usikilazimishe. Kinakuonya kwamba mvuke bado umo.

Tufanye hesabu kidogo. Mvuke huo husukuma kila sehemu yenye upana wa ukucha kwa nguvu ya kama kilo moja. Kifuniko cha upana wa sentimita 20 husukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 300. Hayo ni magunia matatu ya kilo mia. Nani anaweza kuyashika kwa mkono mmoja?

NYAMA MBOVU HAIGEUKI KUWA NZURI

Tangu miaka ya 2006 na 2007, wafugaji wengi walipohamishwa kutoka Bonde la Usangu kuja pande zetu, ng'ombe wameongezeka. Nyama imekuwa karibu. Basi ununue iliyopimwa na bwana mifugo. Nyama iliyoiva vizuri hadi katikati haina tegu hai. Lakini mnyama aliyekufa mwenyewe asichinjwe wala asiliwe. Huenda alikuwa na kimeta, na kimeta humpata mtu hata wakati wa kuchuna ngozi, kabla sufuria haijafika motoni. Vilevile nyama iliyooza huwa na sumu ambazo joto haliziondoi.

MTU AKIUNGUA

Mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla mahali hapo hapajavimba. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala majivu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati upesi. Anayetoka visiwani asingoje asubuhi kama uso au sehemu kubwa ya mwili imeungua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kuongeza kuni chini ya maji yanayochemka ni hasara?
2. Kizito na vali ya usalama vina kazi gani?
3. Jirani yako ana sufuria ya presha na hajui kusoma. Utamweleza nini kwanza?

Swali la tatu ulijibu leo hii, kwa kwenda nyumbani kwake. Afya njema.