Wazimu au Malezi? Tathmini ya Kiini cha Uhalifu wa Kikatili

Utangulizi

Mauaji ya kikatili yanapotokea, aghalabu wanajamii hugawanyika katika makundi mawili. Wapo wanaodai kuwa muuaji ana wazimu, na wapo wanaoshikilia kuwa hakulelewa. Makala haya yanapima uzito wa hoja hizi na kuonyesha kuwa hakuna inayojitosheleza.

Maradhi ya Akili

Sheria haichukulii tendo la kutisha kuwa ithibati ya wazimu. Mnamo 1843, Daniel M'Naghten alimpiga risasi na kumuua Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu wa Uingereza, Robert Peel. Mahakama haikumtia hatiani kwa kuwa alikuwa na maradhi ya akili. Kanuni zilizotokana na kesi hiyo zinajitokeza katika kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Kwa mujibu wa kifungu hicho, mtu hawajibiki iwapo maradhi ya akili yalimzuia kuelewa alilokuwa akilitenda, au kujua kuwa hakupaswa kulitenda. Kwa hivyo, kuugua pekee si kinga.

Fauka ya hayo, utafiti ulioongozwa na Henry Steadman, uliochapishwa Marekani mwaka 1998, ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 walioruhusiwa kutoka hospitali za akili. Mjini Pittsburgh, wagonjwa wasiotumia vibaya pombe na dawa za kulevya hawakutofautiana kwa ukatili na majirani wasiotumia vitu hivyo. Ulevi ndio uliozidisha ukatili katika makundi yote mawili.

Malezi

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwaka 1989, Cathy Spatz Widom wa Marekani alilinganisha watu 908 waliodhulumiwa au kutelekezwa utotoni na wengine 667 ambao hawakuwa na rekodi ya madhila hayo. Katika kundi la kwanza, takriban watu 11 kwa kila 100 walikuwa wamekamatwa kwa uhalifu wa kikatili. Katika kundi la pili, takriban 8. Ni dhahiri kuwa methali ina ukweli. Hata hivyo, takriban watu 89 kwa kila 100 waliodhulumiwa hawakuwa wamekamatwa kwa uhalifu wa aina hiyo. Methali basi huonyesha mwelekeo, haitoi hukumu. Aidha, isemwapo kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wahenga wenyewe wanakiri kuwa mzazi si mwalimu wa pekee. Rika, ulevi na ufukara navyo hufunza.

Hitimisho

Maradhi na malezi hujibu maswali tofauti. Mahakama huuliza kama mshtakiwa alijua alitendalo. Mtafiti huuliza kilichomfikisha hapo. Kuchanganya maswali haya kuna gharama. Anayemwita kila muuaji kichaa humpunguzia mhalifu wajibu na kumtwika mgonjwa asiye na hatia aibu isiyo yake. Naye mgonjwa, kwa kuhofia jina hilo, huficha maradhi na kukosa tiba. Vivyo hivyo, anayesema "hakulelewa" humhukumu mzazi bila ushahidi. Maadamu wanafunzi wa Kiswahili ndio watangazaji, wafasiri na walimu wa kesho, ni jukumu lao kutenga maana za mgonjwa wa akili, mkatili na mhalifu. Maneno haya si visawe.