AFYA SHAMBANI: Kinachopenya jani hupenya na ngozi

Tone la maji likianguka juu ya jani la sangari hujiviringa na kudondoka. Majani ya nyasi ni membamba, husimama wima, na yana nta. Dawa ikidondoka chini, gugu halifi, na mkulima hulazimika kupiga tena.

Kwa sababu hiyo dawa ya magugu huchanganywa na kisaidizi. Visaidizi vya namna ya sabuni hulitandaza tone juu ya jani. Visaidizi vya mafuta huilainisha nta ili dawa ipenye. Dawa za kuua nyasi katika maharage au pamba, kama vile kletodimu, huhitaji mafuta hayo. Dawa nyingi za glaifoseti huuzwa zikiwa zimekwisha tiwa kisaidizi.

Hapa ndipo afya inapoingia. Ngozi yako nayo hulindwa na mafuta. Kitu kinachofungua njia katika jani huweza kuifungulia dawa njia mwilini. Kisaidizi chenyewe huweza kuwa na sumu: mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kimoja, kiitwacho POEA, kisitiwe katika dawa za glaifoseti.

Basi tuzingatie haya:

1. Soma karatasi ya chupa. Usiongeze kisaidizi kama hukuagizwa.

2. Pima, usikisie. Ukiagizwa mililita 10 kwa lita moja ya maji, bomba la lita 20 litahitaji mililita 200. Kuzidisha huweza kuunguza mazao.

3. Usitie sabuni ya kufulia wala mafuta ya taa badala ya kisaidizi.

4. Vaa glavu za mpira, miwani, viatu vya mpira na nguo ndefu, hasa wakati wa kuchanganya, kwa kuwa hapo dawa ni kali zaidi.

5. Ikikumwagikia, vua nguo na uoge kwa sabuni na maji mengi. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi kwa dakika 15.

6. Aliyekunywa asitapishwe, kwani mafuta huweza kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali upesi pamoja na chupa ya dawa.

Maswali

1. Kwa nini dawa hudondoka kwenye majani ya nyasi?

2. Bomba la lita 15 linahitaji mililita ngapi, ukiagizwa 10 kwa lita?

3. Kwa nini aliyekunywa dawa hii asitapishwe?