Mafuta ya Maziwa Yanatoka Wapi?



Kwenye vituo vya kukusanya maziwa tunasikia mabishano yale yale kila mara. Mwenye kutengeneza fromaji anasema: maziwa haya ni mepesi, mmetia maji. Mfugaji anaapa kwamba hakutia kitu. Nani anasema kweli? Pengine maji yametiwa. Lakini maziwa yanaweza kupungua mafuta bila mtu kutia hata kikombe kimoja. Tuangalie sababu, juu hapa tunaweza kupoteza feza na pia urafiki.

1. Majani ndiyo yanaleta mafuta

Ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe kuko vijidudu vingi. Vinachachisha nyuzinyuzi za majani, na kitu kinachotoka humo ndicho kiwele kinatumia kutengeneza mafuta. Ng'ombe akikosa majani ya kutafuna, mafuta yanashuka.

Wengi wanazania chakula cha gunia, pumba ao drechi ya bia, vinaongeza kila kitu. Vinaweza kuongeza lita, ni kweli. Lakini ukivitoa mingi na majani kidogo, tumbo linakuwa chachu na mafuta yanapunguka. Basi tumpe kwanza bingobingo ao majani ya malisho, kiisha pumba kidogo kidogo, mara mbili ao tatu kwa siku. Majani yasikatwe madogo sana: ng'ombe anapaswa kucheua.

2. Maziwa ya mwisho ndiyo mazito

Maziwa ya kwanza kutoka kwenye chuchu yako na mafuta kidogo, pengine 1 ao 2 kwa mia. Ya mwisho kabisa yanaweza kupita 8 kwa mia. Mkamuaji akifanya haraka, ao akiachia ndama maziwa yote ya mwisho, bidoni inaenda na maziwa mepesi. Hatusemi ndama anyimwe! Anyonye kidogo mbele ili maziwa yashuke. Kiisha tumwachie chuchu moja nzima, na zile tatu tuzikamue mpaka mwisho.

3. Asubui na mangaribi si sawa

Kama tunakamua saa kumi na mbili asubui na saa kumi mangaribi, usiku unachukua saa 14, mchana saa 10. Maziwa ya asubui yanakuwa mingi lakini mepesi. Ya mangaribi ni kidogo na mazito. Tusilinganishe ya asubui ya mmoja na ya mangaribi ya mwingine.

4. Lita si kitu pekee

Frizone anatoa lita mingi, lakini mafuta yake mara nyingi ni kati ya 3,5 na 4 kwa mia. Jersey anafika karibu 5. Tupige hesabu, lita moja tuihesabu kama kilo moja: lita 10 za mafuta 3 kwa mia zinatoa gramu 300, lita 8 za mafuta 4 kwa mia zinatoa gramu 320. Kwa mwenye kutengeneza siagi, bidoni ndogo imeshinda kubwa.

Tujaribu wenyewe

Tuchukue chupa mbili nyeupe zinazofanana. Katika moja tutie maziwa ya kwanza ya ng'ombe mmoja, katika ingine maziwa yake ya mwisho. Tuziache usiku mzima mahali pa baridi. Asubui tupime ile kreme iliyopanda juu. Macho yataona tofauti.

Kwa sababu kreme inapanda, bidoni ikoroge vizuri mbele ya kuchota ya kupima. Tukumbuke tena: laktodensimetri peke yake haimalizi kesi. Maji yanashusha kipimo, lakini ukitoa kreme kipimo kinapanda. Mwenye kufanya vyote viwili anaweza kupita. Na mwaminifu asihukumiwe juu ya kipimo kimoja. Kamati ipime mara kadhaa, ao imtume mtu akaone ng'ombe akikamuliwa.

Ya kuzungumza katika mkutano

- Wakati wa jua kali, majani tunayapata wapi?
- Nani anakamua kwetu, na anamaliza kiwele?
- Kooperativi yetu inalipa lita tu. Je, mwenye maziwa mazito anapata faida gani?