KABLA YA KUCHORA NYUMBA, SOGEZA PICHA KWANZA

Ndugu mkazi wa Dzaleka,

Vijana wengi mnajifunza kuchora nyumba na njia za kambi yetu katika OpenStreetMap, ile ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisahihisha. Kazi hiyo ni nzuri. Lakini liko kosa moja ambalo hata mimi nililifanya. Nilichora kisima cha pampu pale nilipokiona kwenye picha ya setilaiti, kumbe picha yenyewe ilikuwa imehama. Kwenye ramani kisima kikawa ng'ambo ya mtaro, na fundi aliyeifuata akahangaika nusu saa huku akina mama wakimngoja na ndoo zao.

Kwa nini picha huhama? Setilaiti haipigi picha ikiwa juu ya vichwa vyetu kila mara. Mara nyingi hutazama kwa upande. Watengenezaji huinyoosha picha kwa vipimo vya miinuko ya ardhi, na vipimo vikikosea, mlima husukumwa pembeni. Kwa hiyo picha inaweza kukaa sawa bondeni, ikakosea mita kadhaa kilimani.

Fanya hivi. Chukua simu yenye GPS, washa programu ya kurekodi njia, utembee barabarani kwenda na kurudi, mahali pa wazi. Usiamini safari moja. Simu hukosea kama mita 5, na karibu na ukuta au chini ya mti huzidi. Mistari ya safari nyingi ikiwekwa pamoja, katikati yake ndipo pa kufuata. Ifungue juu ya picha, kisha utafute njia panda, maana barabara iliyonyooka haikuonyeshi kama picha imeteleza kwa urefu wake. Katika programu ya iD, chini ya orodha ya picha, pana sehemu ya kuisogeza. Sogeza picha, siyo nyumba!

Ukibadilisha picha, tuseme kutoka Bing kwenda Esri, anza upya. Kila moja ina kosa lake.

Lilongwe mjini kuna maghorofa, na paa huonekana limelalia upande. Huko chora paa, kisha ulishushe mpaka ukuta unapogusa udongo. Nyumba zetu ni fupi, tabu hiyo hatuna.

Na ukikuta nyumba alizochora mwenzako zote zimehama upande mmoja, usizivute. Pengine yeye alipima, wewe bado. Mwandikie kwanza, umwulize alitumia picha gani.