Mchumba wangu hapendi ninavyovipenda

*Dada, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Mchumba wangu ni muuguzi, kazaliwa na kukulia Manzese, Dar es Salaam. Tunafunga ndoa mwakani. Tangu tufahamiane nimejitahidi kumshirikisha mambo ninayoyapenda kuliko yote. Nimemjazia kwenye simu nyimbo arobaini za Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah. Nimemnunulia Rosa Mistika. Nimempeleka Kaole, kule Bagamoyo. Nyimbo hasikilizi, kitabu kimekwama mwanzoni, na Kaole alikaa kivulini na simu yake wakati namweleza habari za msikiti. Yeye ni singeli na tamthilia tu. Akiweka singeli kwenye gari nazima, kelele zile siziwezi. Sasa tunagombania hata muziki wa ukumbini siku ya harusi. Naumia, maana vitu vile ndivyo mimi mwenyewe. Je, watu wasiopenda mambo yanayofanana wanaweza kuishi pamoja?*
*Mwalimu, Morogoro*

Mdogo wangu, swali lako lina jibu fupi: wanaweza, na wengi wanaishi vizuri sana. Mume wa mpira na mke wa kwaya wanazeeka pamoja bila shida. Kilichonifanya nikae na barua yako muda mrefu ni kitu kingine.

Maumivu yako siyapuuzi. Anayempa mwenzake wimbo aupendao anamwomba amtazame kwa ndani, na akijibiwa kwa kimya huona amekataliwa yeye. Hilo linauma kweli. Ila tazama ulivyoandika. Vya kwako umevitaja kimoja kimoja kwa jina: mwanamuziki, kitabu, mahali. Vya mwenzako umevifunga fungu moja, "singeli na tamthilia tu". Hukutaja msanii hata mmoja anayempenda wala tamthilia hata moja anayoifuatilia. Nadhani hukuvitaja kwa sababu huvijui, na huvijui kwa sababu hujamuuliza.

Tuanze na kitabu, maana hapo nina wasiwasi zaidi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku shuleni, ni riwaya kubwa na ninaipenda. Lakini fikiria inavyopokelewa na binti aliyechumbiwa. Inamhusu msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba hadi akapotea njia, kisha mchumba anayempenda anamwacha alipogundua kuwa si bikira, naye anajiua. Umempa mchumba wako hadithi hiyo bila neno lolote. Mimi ningepewa na mwanamume anayejiandaa kunioa, ningelala macho nikijiuliza ananionya au ananipima. Huenda wewe uliipenda kwa ujasiri wa Kezilahabi wa kusema yaliyokuwa yakifichwa, au kwa sababu unafundisha mabinti na unawaona akina Rosa darasani kila mwaka. Basi mwambie hivyo, kwa maneno yako, wiki hii. Asipokisoma hata baada ya hapo, kirudishe kabatini bila kinyongo.

Nyimbo arobaini ni nyingi mno. Wewe unasikia Morogoro nzima ndani yake: bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba zikishindana mji mmoja, Salum Abdallah akifa ajalini mwaka 1965 angali na mengi ya kuimba, gitaa la Mbaraka likifika hadi Osaka kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, kisha bendi yake ya Super Volcano mwaka 1973, kisha ajali ya gari iliyomuua huko Kenya, Januari 1979. Mtu mwenye habari hizo kichwani husikia huzuni na fahari hata gitaa linapocheka. Mchumba wako hana habari hizo, na hakuna aliyempa. Chagua wimbo mmoja. Mwambie nani alikuwa akiupiga nyumbani kwenu, na kwa nini ulikugusa wewe. Uwekeni mara moja, halafu mzungumze mengine.

Sasa hiyo singeli unayoizima. Najua mapigo yake yanapita 200 kwa dakika, na sikio lililozoea rumba linaona limeshambuliwa. Lakini muziki huo umezaliwa uswahilini Dar es Salaam, Manzese na Tandale, kwenye sherehe za mtaani na vigodoro, na vijana wake wa mwanzo walichukua vipande vya ala za taarab wakavizungusha na kuviongezea kasi hadi vikawa kitu kipya. Ni muziki wa kwao. Ndani yake kuna majirani zake, harusi za dada zake, usiku alioruhusiwa kuchelewa kurudi. Unapozima redio unazima hayo yote, na hakuna anayependa kuolewa na mtu anayezima nyumbani kwao.

Wewe mwalimu unamjua Shaaban Robert. Mwandishi huyo aliyeheshimiwa kuliko wote aliona inafaa kuandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke kutoka ukoo wa watumwa aliyeimba Ng'ambo ya Unguja habari za watu wa chini, na aliyekwenda kurekodi sahani za santuri Bombay mwaka 1928. Katika enzi za Siti wapo waliomdharau. Shaaban Robert alikaa chini akasikiliza. Kaa nawe. Muombe mchumba wako akuchagulie singeli moja, moja tu, mkiwa mmetulia, si mkiwa barabarani, akueleze mwimbaji anasema nini na nani anamjibu nani. Huna haja ya kuipenda. Unachotafuta ni kujua yeye anasikia nini.

Kuna jambo hukulipa uzito: ni muuguzi. Anatoka zamu ya usiku wodini, ameona mgonjwa akikata roho, amewashika mikono ndugu wa marehemu. Siku yake ya mapumziko umempeleka Kaole, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi, na mkononi umemtia riwaya inayoishia kwa kifo. Pengine anapenda singeli kwa sababu inamwamsha, na tamthilia kwa sababu wagonjwa wa humo hawamhusu. Nakisia tu. Anayejua ni yeye, na ungemuuliza kwa sauti ya kutaka kujua, sidhani kama angekuficha.

Ningependa mpate pia kitu ambacho si cha kwako wala cha kwake. Adam Shafi aliandika Vuta n'kuvute mwaka 1999, na Amil Shivji akaigeuza filamu iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Ndani yake kuna Yasmin, anayekimbia ndoa aliyolazimishwa, na Denge, mpigania uhuru, katika Zanzibar ya wakoloni. Ina mapenzi na hatari za kumshika mpenzi wa tamthilia, na ina riwaya nyuma yake ya kukushika wewe. Mkipata nafasi ya kuiona, mwache yeye aongoze mazungumzo. Yule amezoea kufuatilia wahusika wengi kwa miezi. Huenda ataona usichokiona.

Na safari ijayo nendeni mahali ambapo hakuna wa kumfundisha mwenzake. Ukiacha barabara kuu pale Mikumi, ukashika njia ya Kidatu hadi Mang'ula, unafika kwenye milima ya Udzungwa. Maporomoko ya Sanje yanashuka takriban mita 170. Mnapanda kwa miguu na mwongozaji, mnalowa jasho, na msituni kuna kima wa Sanje ambao hawapatikani popote pengine duniani. Wanasayansi wenyewe walikuja kuwatambua mwaka 1979. Huko hakuna atakayetoa somo isipokuwa mwongozaji. Ukisikia mwenzako anakuuliza swali, lijibu kwa ufupi. Akishika simu kupiga picha, mwache apige.

Kitu ambacho kingenitia hofu kuhusu ndoa yenu ni kimoja. Ukisha kumuuliza anachokipenda, naye akakueleza kwa furaha, ukajikuta unamdharau, usifunge ndoa hadi umelimaliza hilo moyoni mwako. Dharau haitaishia kwenye muziki. Itahamia kwenye mapishi, kwenye wageni wake, kwenye malezi ya watoto. Sijaiona katika barua yako. Nimeona mwanamume mwenye mapenzi na haraka.

Kuhusu ukumbi, amueni kabla kikao cha kamati hakijawaamulia. Wakati wa chakula upigwe muziki wa dansi, wazee wa Morogoro watafurahi na watu watasikilizana wakizungumza. Zawadi zikisha kutolewa, DJ aweke singeli, ukumbi uwe wa ndugu zake wa Manzese. Wimbo wa kuingia ukumbini mwachie achague peke yake, na usiombe kuusikia kabla ya siku yenyewe.